Ruhusa ya Kuvuka Holili

Mwanangu Elia,

Nimeandika maneno hayo mawili halafu nikaweka kalamu chini, kwa sababu hakuna msichana wa kidato cha tatu anayemwandikia baba yake "mwanangu". Lakini wewe umeniita mama tangu sijajua kutembea, na ukifurahi unaniita Mae, kwa Kichagga chetu. Nilipewa jina la mama yako mzazi, Aikande, na hapa kwetu anayepewa jina anapewa na nafasi. Nilipokuwa mdogo nilikuita mwanangu mbele ya wageni, mkacheka wote na kunipa kipande cha nyama. Nilipokua nikaacha kwa aibu. Leo naurudia mchezo ule, ila safari hii sichezi.

Uko kibandani kwako, nasikia ukitupa spana moja moja kwenye boksi. Mama anamenya ndizi jikoni. Gari la kutoka Holili, pale mpakani, linakuja kukuchukua kesho asubuhi, na wiki nzima nimekuona ukipanga nguo zako na kuzipangua. Najua unachongoja. Unangoja nikujibu, na mimi nimekuwa nikikupita kitabu kikiwa usoni kama mtu aliyezama kwenye masomo. Ukweli ni kwamba kurasa zilikuwa hazisogei.

Sitakuambia uvae sweta wala unywe dawa ya magoti. Mama ameshayasema hayo, na atayasema tena utakapokuwa umeshapanda gari. Nataka kusema yale ambayo sikuyasema Jumapili ile.

Ulikuwepo, lakini acha niyaandike, nione kama nilivyosikia mimi ndivyo ulivyosikia wewe. Baba Mkubwa alikuja baada ya ibada, akaketi kwenye benchi la nje, Mama akampa mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakuzunguka.

"Elia, mtoto wa mwisho hatoki," alisema. "Sisi wengine tulikatiwa vihamba vyetu, mashamba ya migomba kule chini, tukaenda kujenga. Wewe ulipewa nyumba ya mama na mama mwenyewe ndani yake. Ukiondoka, hapa anabaki nani?"

"Anabaki mke wangu na mtoto. Ni miaka miwili, kaka. Siendi kuhamia."

"Baba naye alikwenda kwa msimu mmoja tu."

Hapo ukawa unafuta grisi kwenye kucha, ingawa ilikuwa Jumapili na mikono ilikuwa safi.

"Mimi sina uwezo wa kukuruhusu," Baba Mkubwa akaendelea. "Aliyekuweka hapa ni mama. Akuondoe mama. Bahati mbaya amelala pale kwenye migomba, hawezi kuulizwa."

Ndipo Mama, ambaye huwa haingilii maneno ya ukoo wenu, akasema kutoka mlangoni, "Mbona mama yupo? Si yule pale anasoma?"

Baba Mkubwa alicheka mpaka akaweka kata ya mbege chini. "Haya, Mama! Mwanao anataka kuvuka mpaka. Unasemaje?"

Wewe hukucheka. Ulivua kofia, ukaniangalia kama unavyowaangalia wazee. "Mae," ukasema, "mimi nauliza kweli."

Nikasema, "Chai inachemka," nikakimbilia jikoni. Hakuna aliyekuwa amebandika chai.

Nimeona aibu kwa ajili ya jibu lile kila siku tangu hapo. Lakini kabla sijalibadilisha, nataka ujue kwamba naelewa unachokwenda kufanya huko Wundanyi, ng'ambo ya mpaka. Baba Mkubwa anadhani umeitwa kwa sababu ya baiskeli yetu ya umeme. Mimi najua umeitwa kwa sababu ya makosa tuliyofanya kwenye baiskeli, na makosa mengi yalikuwa yangu.

Unakumbuka ilivyoanza. Ng'ombe wetu hawatoki zizini, na majani ya kihambani hayawatoshi, kwa hiyo Mama hushuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani. Ulipokuwa mpagazi wa mlimani, ukibeba mizigo ya wageni, hukuwa unaiona safari ile. Magoti yalipoukataa mlima, ukakaa njia panda kuziba pancha, na kila siku ukamwona Mama akipita na mzigo, shingo imezama mabegani. Hakuwa akisimama kukusalimu. Akisimama, kuanza tena ni kazi. Jioni moja ukaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu cha kipuuzi, kama kwenye vitabu vyangu kuna baiskeli inayopanda mlima yenyewe.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu mzima kitu ambacho jibu lake hakulijua. Nikasoma kwenye simu yako mpaka inakuwa ya moto, nikakutafsiria: kuna mota inayokaa katikati ya gurudumu la nyuma, ndani ya habu yenyewe, haihitaji mnyororo, gurudumu linajizungusha lenyewe. Na katika mota za ukubwa uleule, kuna iliyosukwa nyaya zake kwa ajili ya mbio na iliyosukwa kwa ajili ya nguvu. Nikachagua ya mbio. Namba yake ilikuwa kubwa zaidi, na mimi ni mwanafunzi, nimezoea kwamba namba kubwa ndiyo nzuri.

Ukaenda Pasua, kule mjini, ukaipata kwa yule mama anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika. Ulirudi nayo kwenye gunia, nzito kama kichwa cha ng'ombe, ukaiweka mezani pale tunapolia chakula. Mama akauliza kama itaombewa kwanza au tule tu.

Siku ya kwanza uliposhika mkono wa mafuta (uliuita hivyo, ingawa hakukuwa na mafuta yoyote, na hakuna aliyekurekebisha), gurudumu halikuzunguka. Ilizunguka ekseli. Mota ilikuwa na nguvu kuliko fremu, ikatanua matundu ya kushikia gurudumu na kukata nyaya zake yenyewe kama mbuzi anayekula kamba yake. Ukakaa chini ukatazama. Halafu ukachomelea vipande viwili vya chuma, kimoja kila upande, vya kuishika ekseli isijipindue. Hukunilaumu. Nilikuwa nimesoma habari za vyuma hivyo, nikaviruka kwa sababu nilitaka kufika kwenye ukurasa wa mbio.

Kisha ikaja harufu. Ulipanda na mafurushi mawili ya majani, taratibu, watu wakatoka kwenye migomba kukushangilia, na karibu na kanisa mota ikaanza kunuka kama nywele zilizoungua. Haikupiga kelele, haikusimama. Ikanuka tu, na sisi tukasema labda ni vumbi la zamani. Mota ya mbio ikilazimishwa kwenda polepole kwenye mwinuko kama wetu, umeme wote unageuka moto ndani yake. Nililijua hilo baadaye, nilipokuwa nimeshaitazama imefunguliwa, nyaya zake nyeusi kama masizi ya jikoni.

Uliipeleka Pasua ikasukwa upya. Na ulipoirudisha hukuifunga kwenye ringi ileile. Tulikaa jioni nyingi tukibishana, mimi na karatasi, wewe na kamba uliyoipima kuzunguka gurudumu, mpaka tukakubaliana kwamba gurudumu likiwa dogo mota itazunguka haraka hata baiskeli ikienda polepole, na haitaungua. Ukachukua ringi ndogo ya pikipiki iliyokufa, ukakata spoku zote na kuzitia meno upya kwa mkono. Zile jioni ndizo ninazozikumbuka nikiwa darasani. Nilikuwa nimechoka, na wewe ulikuwa umechoka zaidi, na tulikuwa tunaongea.

Sasa nakuja kwenye kosa kubwa. Tumelitania sana hapa nyumbani, kwa hiyo sijawahi kukuambia lilinifanya nini.

Mota ile ina tabia nzuri: unaposhuka inageuka jenereta. Inalishika gurudumu kama breki, na umeme unaozalishwa unarudi kwenye betri. Uliipenda kuliko kupanda kwenyewe, kwa sababu mpira wa breki za kawaida kwenye mteremko wetu hauchukui mwezi. Na mimi nilikuwa nimesoma, kwenye kila ukurasa niliousoma, kwamba mtu asianze safari kabla hajajaza betri. Kwa hiyo siku ile ya soko la Kiboriloni niliijaza mpaka taa ikawa kijani, nikajisifu. Ukafunga mikungu ya ndizi kwenye keria, ukashuka.

Betri iliyojaa haina pa kupokelea. Kile kibao kidogo kinachoilinda kiliona umeme unaingia na nafasi haipo, kikafunga mlango. Gurudumu lililokuwa limeshikwa likaachiwa ghafla, mteremkoni, na wewe na ndizi zako juu yake. Breki za mpira zikashika kidogo, zikanuka, zikaacha. Mbele kwenye kona kulikuwa na watoto wanatoka shule. Ukachagua mfongo, ule mfereji wa maji wa zamani, ukaingia humo mzima mzima.

Nilikuwa nakuja nyuma kwa miguu. Nilipofika, vijana wa bodaboda walikuwa wameshakuvuta ukakaa ukingoni, maji yanachuruzika kwenye kofia yako.

"Mzee Elia, umeme umekatika?"

"Hapana, anamwagilia ndizi."

"Sasa mzee, ndizi si zinamwagiliwa kabla hazijakatwa?"

Ukacheka nao. Ulicheka ukiwa umeshika goti kwa mikono miwili. Goti lile halikurudi kuwa lilivyokuwa, na wewe unajua, na ndiyo maana unakaa upande wa ukutani kanisani, uweze kulinyoosha.

Usiku ule ulinikuta sijala. Hukuniambia "usijali". Uliuliza tu, "Hao walioandika unayoyasoma, wanakaa wapi?"

Nikafikiri. "Nadhani wanakaa tambarare," nikasema. "Mtu wa tambarare akitoka kwake anatumia betri. Sisi tunaokaa juu tunatoka nyumbani kwa kushuka."

"Basi hawakudanganya," ukasema. "Hawakutujua."

Tangu siku ile hatuijazi. Tunaiacha na nafasi, na ukifika Kiboriloni imejazwa na mlima wenyewe. Baba Mkubwa aliposikia alitaka kuligeuza kuwa mahubiri ya kikundi chao cha sala, ukamwambia, "Kaka, hii ni betri tu." Nilikupenda sana kwa jibu lile. Kwa hiyo nami naliacha hapo. Ila ukikaa na mafundi wa huko na wakakuletea kitabu, uliza kwanza mwandishi anaishi mteremko gani.

Habari hiyo ya betri ndiyo iliyofika Holili, mdomo kwa mdomo, ikamfikia yule mzee mwenye karakana, ambaye ana tawi Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita. Baiskeli zake zinaungua huko kama yetu ilivyoungua, na watu wake wanaanguka. Alipokuja hapa alipiga magoti kwenye matope kutazama gurudumu letu dogo, akakuuliza maswali kwa heshima, na wewe ukajibu ukiwa umesimama wima. Sikuwa nimekuona umesimama hivyo tangu uache mlima.

Kwa hiyo najua unachokwenda kufanya. Sasa nikuambie ninachotaka mimi.

Nataka kusema hapana.

Nimechoka, Baba. Nimechoka na kuamka gizani, na maziwa, na njia ya shule, na hesabu ninazozifanya nikiwa nimesimama karibu na moto. Ukiondoka, baiskeli inabaki kwangu, na mimi ndiye nitakayeshuka nayo na kupanda na majani, nikipita njia panda ambapo vijana wale wote wamekaa. Nimejaribu kutunga jibu la kuwapa watakaponitania. Sijalipata. Na nikisema hapana, utakaa. Ungemwambia mzee wa Holili kwamba umebadilisha mawazo, ungerudi kuziba pancha, na usingenitaja hata siku moja. Hilo ndilo lililonifanya ninyamaze. Niliogopa urahisi wake.

Leo mchana nilikuwa nikipepeta maharage na Mama. Nikamuuliza bibi alimwambia babu nini, siku babu alipovuka Holili kwenda kutafuta kazi na asirudi. Nilidhani alilia, au alikataa, au alimbariki. Nilitaka kujua ili nifanye kama alivyofanya yeye, kwa kuwa nimebeba jina lake.

Mama aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Hakusema kitu," akasema. "Aliniambia mwenyewe alipokuwa anaumwa. Babu yako alisimama mlangoni akamuuliza, 'Niende?' Na yeye alikuwa amekasirika, na alikuwa amechoka, na wewe ungemwelewa. Akaendelea na kazi yake. Babu yako akangoja, halafu akaondoka."

"Babu alifikiri amekubaliwa au amekataliwa?"

"Ndicho bibi yako alichokuwa akijiuliza mpaka anakufa. Alisema, 'Sikumpa neno la kuondoka nalo, ningemdai neno gani la kurudi nalo?'"

Nikatazama ungo mikononi mwangu. Nikaona nimekuwa Aikande kweli kweli wiki hii nzima, na bila kufundishwa na mtu.

Sijui kama neno lingemrudisha babu. Huenda alikuwa na sababu zake, huenda aliumwa, huenda aliona haya kurudi mikono mitupu. Wewe ulikuwa hujajua hata kusimama. Umekaa kwenye nyumba hii maisha yako yote kama mtu aliyewekwa kumngoja mwingine, na nadhani Baba Mkubwa anaposema mtoto wa mwisho hatoki, anachoogopa ni kuingoja njia ileile mara ya pili. Usimkasirikie. Yeye alikuwa ameshakua, alimwona babu akiondoka.

Ninakupa neno, basi, ulibebe.

Ukiwa huko, ukianza kuungua, sema mapema. Usitungoje sisi tusikie harufu. Hukuniambia kuhusu goti, nilijua kwa kukuona unavyokaa kanisani, na kutoka Wundanyi sitakuona unavyokaa. Ukipiga simu na huna la kusema, piga hivyo hivyo, tukae kimya wote wawili, Mama atalalamika kuhusu salio na itakuwa kama uko hapa. Kazi ikikushinda, rudi mikono mitupu. Hatutakupekua mlangoni. Na Krismasi upande uje nyumbani. Watu wa Dar wote wanapanda Krismasi na magari yao, wewe ukiwa jirani tu hapo ng'ambo huna sababu ya kushindwa nao.

Kuhusu nyumba, mwambie Baba Mkubwa kwamba mama mwenye nyumba yupo. Majani yatafika. Nitaanguka mara moja au mbili, vijana watacheka, nitanyanyuka nikiwa nimeiva uso kwa haya, na baada ya muda watazoea, nami nitazoea. Sisemi kwamba nina nguvu. Nasema kwamba nimelifikiria na bado nalisema.

Barua hii sitaificha kwenye nguo zako uikute umeshavuka mpaka. Nakuletea sasa hivi kibandani, uisome nikiwepo, hata kama nitatazama chini muda wote. Kesho asubuhi nitakuwa mwanao tena, nitakuamkia shikamoo nawe utaitikia marahaba, na nitakuachia wewe mambo yote makubwa. Lakini uliniuliza kama mama, na jioni hii kama mama nakujibu. Ukimaliza kusoma nitalisema pia kwa mdomo, kwa sauti ambayo Mama ataisikia jikoni, asije mtu akajiuliza tena nilisema nini.

Nenda, mwanangu. Kisha urudi.

Mama yako,
Aikande